Elimu ya Jamii si Kimbilio la Walioshindwa

Liko swali moja ambalo wewe, msomaji, umekwisha kulisikia, au utalisikia kabla hujamaliza shule. Kijana akisema anataka kuwa daktari, wazee hutabasamu. Akisema mhandisi, hushangilia. Walakini akisema anataka kwenda chuo kikuu kidogo kusoma elimu ya jamii, yaani historia, uchumi, siasa, sheria na mila katika shahada moja, huulizwa kwa huruma, "Kwani ulikosa alama?" Swali hilo lina makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba elimu hupimwa kwa ukubwa wa lango la chuo. La pili ni kudhani kwamba kuwajua wanadamu wanavyoishi pamoja ni kazi nyepesi kuliko kuijua mifupa yao. Nayakataa yote mawili, na shahidi wangu ni mlima.

Panda gari mjini Kitale uelekee Bungoma kwa njia ya Kiminini na Webuye. Utaacha mashamba ya mahindi na kuingia penye miwa. Na upande wako wa kuume, siku isiyo na mawingu, Mlima Elgon utaonekana mwendo mrefu. Ni mlima mzuri kuutazama, lakini habari yake ni ya majonzi. Mwaka 1968 nyanda za juu za Chepkitale zilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama. Wenyeji wake waliahidiwa makao mapya Chebyuk, chini ya msitu, na tangu mwaka 1971 ardhi ikaanza kugawanywa huko. Ugawaji huo ulifanywa, ukabishaniwa, ukarudiwa kwa awamu tatu. Aliyelala na shamba aliamka akiambiwa si lake. Mwaka 2006 vijana walishika silaha, wakajiita walinzi wa ardhi ya Wasabaot. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Mamia ya watu waliuawa, na maelfu walikimbilia Bungoma na Trans Nzoia. Raia walilalamika juu ya mateso ya wanamgambo, kisha wakalalamika juu ya mateso ya askari.

Sasa waite wataalamu, mmoja mmoja, uwaulize chanzo cha msiba huo. Mwanasheria atakuonyesha kasoro za hati. Mchumi atakuonyesha uchache wa ardhi na wingi wa watu. Mwanahistoria atakurudisha zamani za walowezi, waliotwaa mashamba ya Trans Nzoia na kuwasukuma wenyeji. Mjuzi wa mila atakueleza tofauti iliyopo kati ya Mosop, watu wa juu, na Soy, watu wa chini. Mjuzi wa siasa atakuonyesha jinsi shamba lilivyogeuzwa kuwa bei ya kura. Kila mmoja husema kweli. Na kila mmoja, akiachwa peke yake, hupotosha. Hati ikisahihishwa na chuki ikaachwa, hati huchanwa. Chuki ikihubiriwa na njaa ikaachwa, mahubiri hupotea hewani. Kwa hiyo anahitajika mtu aliyefunzwa kuzisikiliza kweli hizo tano kwa pamoja. Kumfunza mtu huyo ndiyo kazi ya shahada inayodharauliwa.

Na afunzwe wapi? Mjini Bungoma kipo Chuo Kikuu cha Kibabii. Kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, kikapata hati yake mwaka 2015. Si kikubwa kama cha Nairobi, wala hakina umri wake. Lakini katika chuo cha namna hiyo, kijana wa Cheptais aweza kukaa ubao mmoja na kijana wa Chwele. Huenda wazazi wa mmoja walikimbia mwaka 2008, na wazazi wa mwingine waliwapokea. Mmoja ajua Kisabaot, mwingine ajua Kibukusu. Mgeni kutoka mbali, hata akiwa na vitabu vingi, hutafuta mkalimani. Kuwa karibu na jambo si kulijua. Lakini aliye karibu, akipewa elimu, hana udhuru wa kulikosea.

Najua utanijibu kwamba mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika tano. Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Mwanafunzi anayeonja kila chungu bila kula hutoka na njaa. Basi ashike moja kwa nguvu, liwe hesabu za takwimu, au sheria za ardhi, au utafiti wa historia, na yale mengine yawe macho yake ya pembeni. Na kama ameichagua shahada hii kwa kuwa aliiona rahisi, wenye kumdhihaki wamesema kweli, nami sitamtetea.

Utaniuliza pia habari ya mshahara. Sikuahidi. Kazi zipo katika serikali za kaunti, shuleni, katika vyama vya ushirika na magazetini, lakini hazimngoji mtu mlangoni. Hata hivyo, daktari naye hutafuta kazi siku hizi, wala hatusemi kwamba udaktari ni ujinga. Kazi ikiwa haba, kosa ni la uhaba, si la elimu.

Twahitaji madaktari, na aliyepigwa risasi mlimani alimhitaji daktari. Lakini daktari huitwa risasi ikiwa imekwisha kutoka. Nani aliitwa kabla? Basi msomaji, moyo wako ukielekea elimu hii, usiifuate kwa kuinamisha kichwa. Atakayekuuliza kama ulikosa alama, mwulize naye: katika wale wote wenye alama nyingi waliopita Chebyuk na ramani na mihuri, ni yupi aliyekaa chini akawasikiliza watu wote wa mlima?