Kabla ya kuuliza rimu, uliza hii taa

Nenda yadi yoyote ya magari Ngong Road siku ya Jumamosi, usikie maswali ya vijana. Inakula mafuta aje? Rimu ni saizi gani? Skrini ina Bluetooth? Sawa tu, pesa ni zako. Lakini nadra umsikie mtu akiuliza kama gari lina ESC, ule mfumo wa kulizuia lisiserereke.

Pengine ni majina yanayochanganya. Toyota huuita VSC, Subaru VDC, Honda VSA, Mercedes-Benz ESP. Kazi ni ile ile. Sensa moja husoma umekata usukani upande gani, nyingine husoma gari lenyewe linageuka vipi. Ukiingia kona barabara ikiwa na maji, mkia uanze kwenda kivyake, kompyuta huona mambo hayalingani. Hufunga breki ya gurudumu moja tu, la mbele upande wa nje wa kona, na kupunguza nguvu za injini. Mkia unarudi. Wewe una pedali moja ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hivyo hiyo huwezi, hata ujiite dereva wa Safari Rally.

Marekani ilipopitisha sheria ya ESC mwaka 2007, mamlaka yao ya usalama barabarani ilikadiria kuwa ingepunguza ajali zinazohusisha gari moja kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na asilimia 59 kwa SUV. SUV hupinduka kwa urahisi, na ndizo wengi wetu tunazitamani.

Kuna wale husema, “Mimi huendesha polepole, ya nini?” Haya, lakini ng’ombe akikatiza barabara, au boda boda atokee kichochoroni, utakata usukani ghafla tu. A-Class ya Mercedes ilipinduka Uswidi mwaka 1997 ikijaribiwa kukwepa hivyo hivyo. Kampuni ikaamua kuweka ESP kwenye kila A-Class.

Magari mengi yanayoshuka Mombasa siku hizi, kwa sababu ya sheria ya miaka 8, huja nayo. Shida ni gari la kwanza la kijana, ile Vitz au Demio ya kitambo ambayo imepita mikono minne hapa nchini. Nyingi hazikuwahi kuwa nayo. Nyingine inayo lakini imekufa, na fundi amekwambia “hiyo ni taa tu, haina noma.” Na tairi zikiwa kipara, mfumo wenyewe hauna cha kushika.

Kwa hivyo fungulia swichi kabla ya kuwasha injini. Tafuta kwenye dashibodi taa ya kigari chenye mistari miwili iliyopinda. Inafaa iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, uliza kama gari halina mfumo huo au kuna mtu ameing’oa. Ikikataa kuzima, mara nyingi ni sensa ya gurudumu. Muuzaji airekebishe kwanza, ndipo muongee bei.