Mwalimu wa Lugha Hatengenezwi Ukumbini

Ipo itikadi iliyoenea miongoni mwetu, wizarani na mashuleni, katika mashirika yanayotuauni na hata katika nafsi za walimu wenyewe, ya kwamba mwalimu wa lugha akionekana kuwa na nakisi katika kazi yake, dawa yake ni kuitwa semina: akae ukumbini siku tatu, asikilize, anakili, apewe hati yenye muhuri, kisha arejee shuleni kwake akiwa amekwisha kuendelezwa. Itikadi hiyo imezoeleka mno hata hapana tena anayeidai burhani. Mimi naidai leo, nami naidai nikiwa hapa Kigobe, mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura wenye jengo la Bunge na majumba ya kuta ndefu na malango ya chuma, kwa kuwa katika mitaa ya namna hii ndimo mwenye kukaa barazani aonapo semina zikiingia na kutoka mwaka mzima, ilhali Kiswahili cha watoto wetu kimekaa pale pale kilipokuwa.

Tazama mambo yanavyokwenda. Asubuhi walimu hushuka mabasini, nguo zimepigwa pasi, wakielekea ukumbini. Mlangoni hupewa daftari, kalamu na chupa ya maji, wakaandika majina yao na nambari za simu katika karatasi ya mahudhurio, ambayo watairudia jioni kuitia sahihi mara ya pili, maana karatasi hiyo ndiyo ithibati ya kwanza itakayomfikia mfadhili. Mkufunzi hufungua kompyuta yake, akaonyesha ukutani maneno yahusuyo mbinu shirikishi na ubaya wa mwalimu anayesema peke yake, akayasoma peke yake hata saa nne. Halafu huja chai na sambusa. Na hapo, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, ndipo kazi ya haki ya siku hiyo hutendeka: mwalimu wa Kamenge humwuliza mwenziwe wa Kinama afanyeje na darasa lililojaa watoto hata dirishani, na vitabu havitoshi, na yule wa Kinama humweleza alivyofanya yeye, kilichofaa na kilichomshinda. Mazungumzo yakipamba moto, huitwa ndani warudi kusikiliza.

Nimepata kukaa katika semina moja ya walimu wa Kiswahili iliyoendeshwa, tangu hotuba ya kufungua hata shukrani za kufunga, kwa Kifaransa. Hapana aliyecheka. Mkufunzi alikuwa mtu muungwana mwenye elimu yake, nasi sote tulimfahamu. Lakini walimu waliokuja kwa ajili ya lugha walikaa siku zote zile bila ya mtu kuwataka waseme kwa lugha hiyo sentensi kumi mfululizo, wakarudi makwao na hati iliyoandikwa, nayo pia, kwa Kifaransa.

Ili msomaji aujue uzito wa jambo hili, yafaa akumbuke tulikotoka. Katika miaka ile ya kuelekea na kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuliyojiunga nayo mwaka 2007, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi, mtoto wa Burundi aliyekuwa akianza kwa Kirundi na kuendelea kwa Kifaransa akajikuta tangu darasa la kwanza anakabiliwa na lugha nne. Mwaka 2014 sheria ya lugha ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mambo hayo yalikuwa na hekima yake, wala mimi si katika wanaoyapinga. Maana nchi iliyopakana na Tanzania na Kongo, ambayo bidhaa zake hupita Kigoma na Dar es Salaam, haina udhuru wa kutokijua Kiswahili. Lakini aliyebebeshwa mzigo huo ni nani? Ni yule yule mwalimu wa darasa, aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa, ambaye huenda Kiswahili alikijua cha kununulia samaki tu, naye akaambiwa akifundishe kwa ufasaha, na auni aliyoahidiwa ikawa ni semina.

Sasa tuingie darasani, kwa kuwa huko ndiko semina isikofika. Mtoto wa darasa la nne anaandika katika daftari lake kwamba mama amemnunulia karamu mpya ya kuandikia. Mwalimu anapiga mstari mwekundu, anaandika «kalamu» juu yake, anapita kwa mwingine, na mwingine naye ameandika karamu, na wa tatu amerara badala ya kulala. Katika Kirundi sauti ya R ndiyo inayoshika zamu ya R na ya L zote mbili, na kalamu yenyewe mtoto huiita ikaramu nyumbani kwao. Kwa hivyo hajakosa kwa uzembe, amesikia kwa sikio alilolelewa nalo. Mwalimu aliyepata kuongozwa na mjuzi hatapoteza wino mwekundu kwa mwezi mzima. Ataanza na sikio kabla ya mkono, awasomee maneno mawili mawili, watoto wainue kidole wakisikia tofauti, wayaseme, wacheze nayo, ndipo waandike. Na huyo huyo mjuzi atamwonyesha pia kwamba mtoto wa Kirundi haji mikono mitupu: anayesema igitabu ciza na ibitabu vyiza amekwisha kuielewa, tangu hajaota meno ya pili, kanuni ya upatanisho ambayo Mwingereza mzima huitokea jasho, na kwamba kumpeleka kutoka hapo hata kitabu kizuri na vitabu vizuri ni safari fupi, madhali kuna mtu wa kumwonyesha njia. Maarifa ya namna hii yana mahali pake na sauti zake na watoto wake. Hayawezi kuandaliwa kwa ajili ya ukumbi wa watu themanini wanaofundisha masomo mbalimbali, wala mkufunzi asiyepata kuyafungua madaftari hayo hawezi kuyajua.

Jambo la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi, ni kwamba mwalimu wa Kiswahili anaitwa kutoka Buyenzi au kutoka jirani na Buyenzi, anapandishwa basi, anapitishwa kando ya watu wanaokisema Kiswahili tangu alfajiri hata usiku, analetwa kwenye ukumbi usio na msemaji hata mmoja, ili akaendelezwe. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa mji huu tangu zama za Wabelgiji. Mababu wa wengi wao walifika ufukoni mwa Ziwa Tanganyika na misafara ya biashara na dola ya Wajerumani, wakitokea Ujiji na Manyema na kwingineko, na wajukuu wao mpaka leo hutongoa, hutaniana, hupatana bei, huhutubu na huomboleza kwa lugha hiyo. Walimu wetu aghalabu hufunzwa kuiona lugha ya Buyenzi kuwa ni ya mafundi wa magari, isiyofaa kuletwa shuleni. Ni kweli kwamba si Kiswahili sanifu. Hata Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa kuwa msingi wa usanifu, hakikuwa sanifu kabla ya kusanifiwa. Mwalimu anayejua sanifu ya kitabuni tu, asiyeweza kumwelewa mama muuza vitenge akikasirika, hajui lugha, anajua orodha. Jumamosi kumi za kukaa na wazee wa Buyenzi, kusikiliza na kuuliza, na kwenda nyumbani na kamusi kupambanua lililo la mtaa na lililo la sanifu, zingemfaa kuliko hati zote zilizomo katika bahasha yake. Tena nauli yake ni ya basi tu.

Watu wa lugha hii walikuwa na desturi yao ya kuendelezana kabla hatujaazima neno semina. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Unguja, alikuwa mwalimu wa watu wengi, na chuo chake kikawa maarufu pwani nzima. Naye pamoja na adhama hiyo hakuona haya kukaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumayt kama mwanafunzi, watu wazima wawili karibu wa rika moja, akasafiri hata Hadhramaut kutafuta elimu zaidi ilhali tayari ana wanafunzi wake. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na darsa walizozianzisha zikaendelea na waliowasomesha. Katika desturi hiyo mwalimu hakuwahi kuhitimu akaacha kusoma. Alikuwa na anaowafundisha na anayemfundisha, kitabu kimoja kikisomwa kwa miaka, makosa yakisahihishwa hapo hapo mtu anaposoma. Ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ilitolewa na mtu aliyekusikia ukisoma, tena aliyekusikia kwa muda mrefu. Linganisha na hati zetu, ambazo hutolewa na mtu asiyelijua jina lako mpaka alisome katika karatasi ya mahudhurio.

Wala si wanavyuoni wa pwani peke yao walioyajua haya. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bruce Joyce na Beverly Showers walichunguza mafunzo ya walimu wakaeleza kwamba nadharia na maonyesho peke yake hayahamii darasani ila kwa uchache, mpaka awepo mwenzi wa kumfuata mwalimu kazini kwake na kumsaidia anapojaribu. Wajapani kwa miaka mingi wameshika mtindo wa walimu kuandaa somo moja pamoja, mmoja akalifundisha wenziwe wakitazama, kisha wakakaa kulijadili. Tanzania nayo, katika mpango wake wa mafunzo endelevu ya walimu kazini uitwao MEWAKA, imeelekea kwenye jumuiya za kujifunza za walimu ndani ya shule zao wenyewe, na ingawa utekelezaji wa mambo hayo huachana na maandishi, mwelekeo ni wa haki. Kenya ilipita njia nyingine: mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mpango wa moduli sita, kila moja ya miaka mitano, jumla miaka thelathini, na mwalimu atoe mfukoni mwake shilingi 6,000 kwa mwaka. Walimu walipiga kelele, nami siwalaumu. Hiyo ilikuwa itikadi ile ile ya ukumbi na hati, ila aliyetakiwa kulipa alikuwa mwalimu.

Nitaambiwa kwamba nawaonea wivu walimu kwa ile posho wanayolipwa wahudhuriapo semina. Hasha. Mshahara wa mwalimu wa Burundi unajulikana, na bei ya mchele inajulikana, na mtu anayekwenda semina kwa ajili ya posho anafanya hesabu ambayo mimi ningeifanya vile vile kama ningekuwa na watoto watano na kodi ya nyumba. Lawama yangu ni kwa waliougeuza utaratibu hata pesa pekee anayoweza kuipata mwalimu kwa kujiendeleza ikawa ni ya kukaa kimya ukumbini, na ile kazi ngumu ya kumwalika mwenziwe darasani mwake, kusoma riwaya nzima ya Kiswahili hata mwisho, au kusikiliza taarifa ya habari kila jioni na kuandika maneno mapya, ikawa haina ujira wala shukrani. Lipa posho ile ile kwa ajili ya kazi hiyo, uone.

Nitaambiwa tena kwamba mambo haya hayapimiki, na kwamba mfadhili anataka idadi ya waliofunzwa. Idadi ipo tayari: wahesabiwe walimu waliotembeleana madarasani, vitabu vilivyosomwa vikaisha, na dakika ambazo mwalimu anaweza kuzungumza Kiswahili mbele ya mzee wa Buyenzi bila ya kukimbilia Kirundi. Hiyo ya mwisho ni mtihani mkali, nao hauna haja ya kompyuta.

Basi ombi langu kwa wenye kupanga fedha za mwaka ujao ni dogo. Chukueni semina moja, moja tu, na gharama yake yote ya ukumbi, chakula, mafuta ya gari, mabango na hati, mkaigawe hivi: sehemu inunue vitabu vya Kiswahili vya kusomwa na walimu wenyewe, riwaya na mashairi na magazeti, viwekwe katika shule moja ya kila tarafa, sehemu iwalipe nauli na chakula walimu wawili wawili wanaotembeleana kila juma kwa muhula mmoja, na sehemu iwalipe wazee wachache wa Buyenzi, kwa taadhima na kwa mkataba, wawapokee walimu Jumamosi. Kisha, mwisho wa mwaka, ingieni darasani msikilize watoto.