Taa zenye akili, akili za nani?

Juzi hapa hosteli ubishi ulikuwa mkali: eti Dar ikifungwa taa zenye akili kila makutano, foleni kwisha. Nikapinga, nikajibiwa, "We wa Isingiro, taa umeziona lini?" Kweli, kwetu nimeacha migomba na vumbi, taa hakuna. Lakini hesabu nimesoma na kesho nitaifundisha, kwa hiyo mniite nshomile mkipenda.

Hizo taa zinafanyaje kazi? Waya unazikwa chini ya lami, unahisi chuma kikipita, kompyuta inahesabu na kuongeza kijani upande wenye magari mengi. Sydney wanazo tangu miaka ya 1970. Safi. Ila angalieni: waya unahesabu CHUMA, hauhesabu WATU!

Chukua basi refu la mwendokasi, abiria 100 na ushee. Kwa waya ule hilo ni gari tu, kama shangingi lenye bosi mmoja. Haya, pigeni hesabu. Mashangingi 100 mstari mmoja, kila moja sekunde 2, ni sekunde 200. Dakika tatu na zaidi! Basi linavuka kwa sekunde zisizofika 10. Nani apewe kijani?

Mwendokasi ilipoanza 2016 ilipewa njia yake, lakini pale Magomeni na Fire inakatana na magari mengine, na hapo taa ndiyo hakimu. Madaraja ya juu tumejenga, TAZARA 2018 na Ubungo 2021, ila hatuwezi kujenga daraja kila kona. Zürich, Uswisi, tramu ikikaribia taa inaipisha. Kwa hiyo inawezekana.

Na mwenda kwa miguu je? Barabara ya njia 6, kila njia mita 3.5, ni mita 21. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anataka sekunde 26. Ukimpa 15 umemwacha katikati ya barabara, na waya hautajua, maana bibi si chuma.

Jamani, teknolojia siipingi. Nasema anayepanga aulize kwanza watu wangapi, sio magari mangapi. Basi lipishwe, muda wa kuvuka upimwe kwa anayetembea taratibu, ndipo tununue kompyuta. La sivyo tutalipa mabilioni kumpisha mtu ambaye tayari amekaa kwenye kiyoyozi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kupinga aje na hesabu yake.