Korongo Taji Aachiwe Mabawa Yake

Baina ya Kitale na Bungoma wapo watu wanaomhesabu korongo taji kuwa pambo la boma. Kifaranga huchukuliwa kinamasini, hulishwa mahindi pamoja na kuku, na mara anapoanza kupiga mabawa, mwenye boma hushika mkasi. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba anamkinga ndege asipotee, asigonge nyaya za umeme, wala asiuawe shambani mwa jirani.

Hoja hiyo haina budi kupimwa. Huenda ina uzito kwa kasuku mdogo wa asili ya Australia, aliyezaliwa kizimbani na anayerukaruka jikoni karibu na sufuria iliyo motoni. Korongo taji si ndege wa namna hiyo. Yeye hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine hawaliwezi. Kumkata mabawa ni kumlazimisha alale chini, mbwa wanamopita usiku. Usalama anaoahidiwa ndio hasa anaonyang'anywa.

Ni kweli kwamba manyoya yaliyokatwa huota tena. Lakini mkasi ukifika kwenye mfupa, ulemavu ni wa maisha. Nchini Rwanda, korongo waliofugwa majumbani na hotelini walikusanywa kuanzia mwaka 2014. Wengi walirudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera, ila wale wasioweza kuruka tena hutunzwa katika Kijiji cha Umusambi, Kigali. Hayo ni matunda ya mapenzi yasiyo na busara.

Aidha, hasara hii si ya ndege mmoja. Tangu mwaka 2012, korongo taji ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Jike hutaga mayai mawili hadi manne tu. Nayo Hifadhi ya Saiwa iliyo karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita tatu hivi za mraba. Haiwezi kufidia peke yake vinamasi tunavyovilima.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Hata hivyo, aliye na korongo asimfukuze gizani ili kukwepa lawama, kwani ndege asiyeruka hafiki mbali. Awaarifu maafisa wa KWS, nao wawapokee watu wa aina hiyo kwa upole ili wengine wasiogope kujitokeza.

Vifaranga wa msimu ujao waachwe kinamasini. Atakaye kuwatazama, na aende huko.