"BAKAPU IPO." HAYA, TUONYESHENI!

Wadau, kuna jibu limenichosha hapa kampasi: "Msihofu, bakapu ipo." Tangu programu ya matokeo iwekwe toleo jipya, kunakili seva kunaanza usiku, asubuhi bado kunasuasua, kisha kunakatikia njiani. Ukiuliza, unaambiwa "ipo".

Hata wakubwa waliwahi kujidanganya hivyo. Januari 31, 2017, fundi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu. Wakakimbilia bakapu, wapi! Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL 9.6, zana ya kunakili ikawa inatumia toleo la 9.2. Kazi ikawa inafeli kimyakimya, na barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zinakataliwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Bahati tu!

Sisi wa Elimu tunalijua hili. Mwalimu akiuliza "mmeelewa?", darasa zima litaitika "ndiyoo!" Ukweli utauona kwenye zoezi. Na zoezi la bakapu ni moja tu: kuirudisha kwenye mashine nyingine, ifunguke.

Kwa hiyo msituambie ipo. Linganisheni matoleo, someni logi, angalieni kama faili la leo limepungua ukubwa ghafla, halafu lirudisheni tuone. Humo ndani kuna maksi zetu za miaka mitatu jamani, ada za wazazi wetu. Siku zikipotea, nani atatuamini kwa mdomo?

Nawasilisha.