MBUGA ZETU SI MAPORI MATUPU

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mahali paitwapo Beho Beho, pana kaburi la Mwingereza Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyeuawa kwa risasi ya jeshi la Wajerumani tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi hilo lina alama yake, na wageni hupelekwa kulitazama. Mwaka 1922 pori zima lilipewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa na kupewa jina la Baba wa Taifa, lakini sehemu iliyobaki ingali ikiitwa Selous.

Hatumwonei kijicho maiti, kwani kila aliyekufa ana haki ya kaburi lake. Tunauliza swali moja tu, nalo ni hili: wale waliozikwa katika ardhi hiyo hiyo kabla yake na baada yake, alama yao i wapi?

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi ile haikuwa pori tupu tangu asili. Ni kweli kuwa Wajerumani walikwisha kutenga hifadhi ya wanyama kandokando ya mto Rufiji tangu mwaka 1896. Lakini pande zile zilikuwa na watu, mashamba na vijiji. Ngarambe, alikotoka Kinjikitile Ngwale, kijiji ambacho neno la Maji Maji lilianzia, ki jirani na pori hilo. Vita vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipokwisha, wengi walikuwa wamekufa, si kwa risasi tu bali kwa njaa, maana majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula ghalani na mashambani. Tena katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa upande wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale. Watu walipoondoka, miti na tembo walishika mahali pao. Ndipo wageni wakaja wakasema: tazameni, hili ni pori lisiloguswa na mkono wa mtu!

Basi mtu apitaye porini akiuona mwembe mmoja mkubwa umesimama peke yake, na ajue kuwa mwembe ule ulipandwa na mtu. Pale palikuwa na mji. Hayo ndiyo mahame, na chini yake mna visima, mafiga, vyungu na makaburi.

Je, mahame hayo yalindwa na nani? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kwa umri wake tu jengo au kaburi lililofanywa kabla ya mwaka 1863. Lililo la baadaye hulindwa likitangazwa na Waziri. Maana yake ni kwamba kaburi la mtu aliyekufa katika vita vya Maji Maji limepitwa na mwaka huo kwa zaidi ya miaka 40, na halina kinga mpaka mtu alijue, aliandike, na kuliombea tangazo. Naye askari wa wanyamapori, ambaye wazee walimwita Bwana Nyama, amefundishwa kumjua tembo na kumkamata jangili. Akikuta rundo la mawe lililopangwa, ni nani aliyemfundisha kujua kuwa mawe yale ni kaburi?

Wako wasemao: yaacheni yalivyo, pori lenyewe litayahifadhi. Maneno hayo ni matamu, lakini Laetoli inayakanusha. Huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, kikundi cha Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 na 1979 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Kazi ilipokwisha, nyayo zilifukiwa kwa mchanga ili zihifadhiwe. Lakini ndani ya mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea nyayo zenyewe. Zilizookoka majivu ya volkano na mvua za miaka isiyohesabika zilikaribia kuharibiwa na miti ya miaka isiyozidi 15.

Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale, ikisaidiana na Taasisi ya Getty ya Marekani, iliiua miti hiyo, ikaifukua njia ile tena sehemu kwa sehemu, ikaitoa mizizi kwa uangalifu mkubwa, na kuifukia upya chini ya mchanga uliochekechwa, vitambaa vya kuzuia mizizi, na mawe juu yake. Wamaasai wa jirani walishirikishwa, na kiongozi wao wa dini akapabariki mahali pale ili wote wapaheshimu. Hapo tunajifunza kwamba kuhifadhi ni kazi ya mikono, na kwamba kazi hiyo haina mwisho, kwa maana mbegu haichoki kuota.

Wako na wengine wasemao kinyume: kilichoanguka kijengwe upya. Hao nao na watazame Marekani. Mwaka huo huo wa 1964 Marekani ilitunga sheria yake ya nyika, isemayo kwamba katika nyika mwanadamu ni mgeni apitaye tu. Juu ya Green Mountain, katika jimbo la Washington, palikuwa na kibanda cha kulindia moto wa msitu, kilichojengwa mwaka 1933. Kiliachwa kikachakaa, kisha kikabomolewa, na mwaka 2009 kikarudishwa kwa helikopta na kujengwa upya. Watetezi wa nyika walishtaki, na mwaka 2012 mahakama ikaamua kuwa sheria imevunjwa na kibanda kiondolewe. Hatimaye mwaka 2014 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria nzima ili kibanda kimoja kibaki mlimani. Fundi mmoja mwenye nyundo na misumari, akipanda mlima kila mwaka tangu mwanzo, angaliiepusha nchi na gharama zote hizo.

Njia iliyo sawa, basi, si kuacha wala si kujenga upya. Ni kutunza kidogo kidogo, mapema, kwa mikono inayojua kazi. Jambo hili si la nadharia kwetu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambako magofu yake yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini na kutolewa mwaka 2014, sasa yako mikononi mwa mamlaka ya wanyamapori. Mlinzi wa wanyama amekabidhiwa misikiti. Hatulaumu, maana mamlaka hiyo ina askari na magari. Lakini bunduki haizibi ufa. Panapokabidhiwa kuta sharti pawe na waashi wajuao chokaa, wenye ajira ya kudumu na wanafunzi wa kuwarithi.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kila hifadhi na iwe na daftari la mahame, makaburi na magofu yake, kama ilivyo na hesabu ya tembo wake. Pili, askari wa wanyamapori wafundishwe kuyatambua. Tatu, wenyeji wa vijiji vya mpakani wapewe ruhusa na njia ya kuyazuru makaburi ya wazee wao, maana kaburi lenye mtu wa kulizuru halipotei.

Wala tusingoje. Mtoto aliyehamishwa mwaka 1945 akiwa na miaka 10 alitimiza miaka 90 mwaka 2025, ikiwa Mungu alimjalia kufika. Yeye ndiye ajuaye kisima kilikuwa upande gani wa mwembe, na babu yake amelala wapi. Hifadhi ikikosa fedha mwaka huu huenda ikazipata mwakani. Mzee huyo hatapatikana mwakani. Na aendewe sasa, na daftari likiwa mkononi.