Kariakoo, Ubungo au Tanga mjini: mwenye duka wa Pangani anunue wapi?

Mwenye duka dogo wa Kipumbwi au Mkwaja akiona rafu zinabaki wazi, swali huwa ni lilelile: mzigo mpya aufuate wapi? Aishie Tanga mjini, au apande basi hadi Dar es Salaam, ambako bei ya jumla iko chini lakini safari inakula siku mbili na fedha nyingi njiani?

Swali hili si jipya, ila majibu yake yanabadilika. Katika miaka michache tu Soko Kuu la Kariakoo limeungua na kujengwa upya, kituo kikubwa cha biashara kimefunguliwa Ubungo, Serikali imewazuia wageni kufanya baadhi ya biashara, na daraja la Mto Pangani linajengwa. Hayo yote yanaigusa bei ya kanga, sabuni na chaja ya simu katika duka la kijijini. Tumeona tuyaweke pamoja ili msikilizaji wetu apige hesabu yake mwenyewe.

Kariakoo bado ndiyo chimbuko

Jina la Kariakoo lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo la Soko Kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa miaka ya 1970. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jingine jipya pembeni kwa takribani shilingi bilioni 28.

Lakini anayesema "naenda Kariakoo" kwa kawaida hamaanishi jengo lile. Anamaanisha mitaa inayolizunguka, na kila mtaa una sifa yake. Kanga na vitenge hutafutwa Mtaa wa Uhuru. Simu na vifaa vyake viko Aggrey. Nguo za dukani na za machinga zimejaa Mtaa wa Kongo. Vipuri vya magari na kazi za vyuma ni Gerezani. Anayetaka mitumba hutoka kidogo hadi Karume, Ilala; soko lile nalo liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakaanza upya.

Chakula kina masoko yake. Nafaka ni Tandale, ndizi na mboga ni Mabibo, samaki ni Feri. Mtu wa Pangani mara nyingi huenda huko kuuza kuliko kununua, na jambo hilo tutalirudia.

Mgeni wa Kariakoo hukutana kwanza na winga. Huyu ni kijana anayekupokea barabarani, anakuuliza unatafuta nini, kisha anakupeleka dukani. Anajua mitaa kuliko wewe na anaweza kukuokolea muda. Ila hana duka, na malipo yake yamo ndani ya bei unayotajiwa. Ukiwa na muda, pita maduka matatu peke yako kwanza, uliza bei ya dazeni na bei ya boksi zima, ndipo uamue kama unamhitaji.

Tukumbuke pia kwamba Kariakoo huweza kusimama. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka siku kadhaa wakilalamikia kodi na kikosi kazi cha ukaguzi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuzungumza nao. Juni 2024 wakafunga tena. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka na watu zaidi ya 20 wakafariki. Duka la Pangani linalotegemea mtaa mmoja tu wa Dar hupungukiwa mzigo mtaa huo unapofungwa.

Ubungo: kituo kipya, maswali mapya

Pale ilipokuwa stendi ya zamani ya mabasi ya mikoani, Ubungo, sasa kuna Kituo cha Biashara na Usafirishaji cha Afrika Mashariki, chenye maduka zaidi ya 2,000. Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Agosti 1, 2025. Kimejengwa kwa mtaji wa Wachina, na lengo lililotajwa ni kwamba mfanyabiashara wa Tanzania na wa nchi jirani apate hapo bidhaa ambazo zamani alizifuata China.

Kwa mtu anayetoka Tanga, Ubungo ina faida moja iliyo wazi. Tangu 2021 mabasi ya mikoani hushushia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na ukitoka Mbezi kuelekea Kariakoo unaikuta Ubungo kwanza. Msongamano unaobaki mbele, pamoja na kuli na mkokoteni wa Kariakoo, unaweza kuukwepa. Lakini bei haiwi ndogo kwa sababu jengo ni jipya. Atakayefanikiwa ni yule aliyeandika bei za Kariakoo kwenye daftari na kuzilinganisha, bidhaa kwa bidhaa.

Siku chache kabla ya uzinduzi huo, mwishoni mwa Julai 2025, Wizara ya Viwanda na Biashara chini ya Waziri Selemani Jafo ilitangaza amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15. Miongoni mwake ni kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Zimo pia huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu na, jambo linalomhusu mkulima moja kwa moja, kununua mazao shambani. Raia anayemsaidia mgeni kuivunja amri hiyo naye ana adhabu yake.

Amri hiyo ilikuja baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo, waliosema wageni walioingia kama wawekezaji wamegeuka wachuuzi. Kwa mnunuzi wa kijijini jambo hili lina pande mbili. Linamlinda Mtanzania mwenye duka la jumla, ila ushindani ukipungua, bei inaweza isishuke. Tuiangalie bei yenyewe, tusiyaangalie matangazo.

Hesabu ya safari

Sasa turudi kwa mwenye duka wetu. Wa Kipumbwi huvuka kivuko Bweni, hupita Pangani mjini, hufika Tanga, kisha huzunguka Segera na Chalinze hadi Dar. Dar iko kusini kwake, lakini huanza kwa kwenda kaskazini.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja, chakula, kuli na gharama ya mzigo kwenye basi vinafika shilingi 120,000. Tuseme pia kwamba bei ya Dar iko chini ya bei ya Tanga kwa asilimia kumi.

Mwenye mtaji wa shilingi 500,000 ataokoa 50,000 kwenye bei, atatumia 120,000 njiani. Amepata hasara ya 70,000, na duka lilifungwa siku mbili. Huyu angenunua Ngamiani au karibu na soko la Mgandini, Tanga mjini, akarudi siku hiyohiyo.

Mwenye mtaji wa shilingi milioni tatu ataokoa 300,000. Hata mzigo wake ukipandisha gharama hadi 160,000, anabaki na 140,000. Kwake Dar inalipa.

Na wale wa laki tano wakiwa wanne, wakachanga milioni mbili na kumtuma mmoja? Wataokoa 200,000, watatumia labda 140,000, watabakiwa na 60,000, yaani 15,000 kila mmoja, na maduka matatu hayakufungwa. Si fedha nyingi, lakini hasara imegeuka faida. Kinachotakiwa ni kuaminiana, orodha iliyoandikwa na risiti ya kila bidhaa.

Risiti hiyo iwe ya mashine ya EFD. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Mzigo usio na risiti unaweza kukwama njiani, na ukikuta boksi lina bidhaa mbovu huna cha kumwonyesha aliyekuuzia.

Kununua kwa simu

Wengi sasa hawasafiri kabisa. Wanatumiwa picha kwa WhatsApp, wanalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi na kuchukuliwa Tanga. Njia hii inapunguza gharama kuliko zote, na ndiyo inayowaliza watu wengi. Sote tumeshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Tunashauri mambo manne. Agiza kwa mtu ambaye umeshafika dukani kwake walau mara moja. Anza na mzigo mdogo. Hakikisha jina linalotokea unapolipa ni la mwenye duka au la duka lenyewe. Na kabla ya kumaliza malipo, piga simu ofisi ya basi uulize kama mzigo umepokelewa kwa jina lako. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti bila malipo kwa kuituma kwenda 15040.

Daraja likikamilika

Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo ina urefu wa kilomita 256, na daraja la Mto Pangani litakuwa na urefu wa mita 525. Februari 2025 Rais Samia alifika Pangani ujenzi huo ukiendelea. Kazi hiyo ikikamilika, mtu wa Mkwaja ataelekea kusini moja kwa moja, bila kivuko na bila kuzunguka Segera.

Hiyo ni habari njema, ila tusiisome upande mmoja. Kwa miaka mingi ule umbali ulikuwa pia ukuta wa duka la kijijini. Mteja alikubali kuongeza mia mbili kwenye sabuni kwa sababu Dar ni mbali. Barabara ikifunguka, mteja mwenye shughuli zake Bagamoyo au Dar atarudi na katoni yake mwenyewe, na gari la jumla kutoka Dar litaweza kufika hadi Bweni na kuuza barabarani. Duka litakalobaki na bei ya zamani litabaki na wadaiwa tu.

Pangani imewahi kuwa upande wa pili wa hesabu hii. Karne ya 19 misafara ya bara iliteremka hapa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo na shanga. Watu walikuja kwetu kununua. Njia za biashara zikahama, na bandari ikabaki kimya.

Barabara mpya haitarudisha enzi hizo, lakini inatuachia uamuzi mmoja mkononi mwetu. Gari linalokwenda Dar tupu na kurudi limejaa huacha fedha zetu zote Dar. Linalokwenda na nazi, dagaa na ufuta, likarudi na sabuni na vitenge, limelipiwa nauli pande zote mbili. Wale wenye maduka wanne tuliowataja wakiungana na wauza nazi wawili wa kijiji chao, wanaweza kukodi gari dogo moja kwa pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza Kariakoo au Ubungo, tujiulize mtaji ni kiasi gani, tunakwenda wangapi, na tunapeleka nini. Mwenye laki tano peke yake bado jibu lake ni Tanga mjini. Mwenye wenzake na mzigo wa kupeleka, Dar inamngoja.